Gololi ya Baiskeli mu Ngozi ya Mbuzi

Mwaka juzi munganga ya mifugo, kijana muzuri mwenye koti nyeupe, alikuja ku shamba ya tajiri mumoja hapa karibu na Nchelenge. Ule tajiri alikuwa amenunua ng'ombe dume kutoka mbali, na ule dume alikuwa anakula vizuri kuliko batoto ya majirani. Kijana akatosha sindano nene, akamusukumia dume kintu kidogo sawa punje ya muchele chini ya ngozi ya shingo. Kisha akapitisha mashini juu yake. Mashini ikalia pii, ikaonyesha namba.

"Sasa mwizi amupeleke wapi, amufiche wapi," kijana akasema, "hii namba itasema yeye ni ya nani."

Tulikuwa batu mingi ku lupango, kiwanja yenye uzio, siku ile, na bote bakapiga makofi. Mi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Binti yangu akaona haya.

"Mama, unacheka nini? Ile ni akili ya bazungu."

"Ile kazi mi niliifanya mbele ya ule kijana kuzaliwa," nikamujibu. "Tena mashini yangu haikulia pii. Ililia ta-ta-ta."

Hakuelewa, njo maana ninaandika. Masomo yangu iliishia darasa ya tatu kule Kilwa ya Kongo, ngambo ya pili ya ziwa, kwa hiyo ninaandika sawa ninavyosema. Na batu bote walionikosea nitabasema humu, kila mumoja na kosa yake. Majina sitaji, juu batoto yao bananisalimia vizuri ku njia. Lakini mwenyewe akisoma atajijua.

Niliolewa hapa Kashikishi mu ile miaka ya sabini, nikingali musichana. Bwana yangu alikuwa muvuvi ya hapa, alivuka kwetu kuuza samaki ya kukausha, akaniona, akarudi tena bila samaki. Siku ya kuhamia nilivuka ziwa mu bwato na sanduku moja, sufuria mbili na mbuzi. Mbuzi alikuwa ya mama yangu. Alimushika kamba mpaka ku mayi, akaniambia:

"Sanduku ni ya bwana yako, ye njo alinunua. Sufuria ni ya batoto, bo njo batakula mule. Huyu ni ya kwako. Siku utakosa neno ya kusema mu ile nyumba, umuangalie."

Mbuzi akalia njia yote, akajisaidia ku miguu ya muzee mwenye kupiga kasia, na mi nikafika kwa bakwe zangu ninanuka sawa beberu. Bibi mukwe akanisalimia kutoka mbali.

Alikuwa mbuzi mweusi, na muguu moja ya nyuma nyeupe, sawa mutu aliyevaa soksi moja akasahau ya pili. Kila kuzaa, mapacha. Mwaka ya pili tu, batu ya Kashikishi balikuwa banakuja kumuangalia sawa banakuja kuangalia bwato mupya.

Sasa niseme mukosaji ya kwanza. Ni kaka mukubwa ya bwana yangu, ule mwenye baiskeli tatu, ule mwenye meno ya mbele imeachana, alikuwa anaajiri batu ya kubeba samaki mpaka bara. Siku moja alisimama mu kiwanja yetu, mikono nyuma, akamuangalia mbuzi.

"Mulamu," akaniambia, ni vile Babemba banaita shemeji, sisi tunasema shemeki, "huyu mbuzi yetu anaendelea vizuri."

Yetu.

"Shemeki, ni ya kwangu. Ni mama alinipa."

Akacheka na ile pengo ya meno. "Mulamu, hata weye mwenyewe ni ya kwetu. Sasa mbuzi yako itakuwa ya nani?"

Bwana yangu alikuwa pale pale, anashona nyavu. Hakusema kintu. Namuandika naye: kosa yake, kunyamaza. Alikuwa mutu mupole, hakunipiga hata siku moja, lakini mbele ya mukubwa yake mudomo yake ilikuwa inafunga sawa duka siku ya Mungu.

Lazima nieleze namna ya mbuzi ku mwambao yetu. Mbuzi hazifungwi. Zinazunguka zenyewe katikati ya bichanja bya kukausha samaki, zinakula maganda ya mihogo, zinalala fasi zinapenda. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na alama yake, ile ile inayokatwa ku maboya ya nyavu. Wengine balikuwa banakata mara moja, wengine mara mbili, wengine banatoboa tundu. Boya ya muti na sikio ya mbuzi ya nyumba moja bilifanana, na hata mutoto mudogo aliweza kusema hii ni ya fulani. Alama ya mama yangu ilikuwa kukata mara moja ku sikio ya kuume. Na nyumba ya shemeki? Kukata mara mbili, sikio ile ile.

Unaona hatari yenyewe. Kutoka moja kwenda mbili ni wembe tu, na majivu kidogo ya kukausha damu. Kutoka mbili kurudi moja, hata fundi ya nguo hawezi.

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, mwanamuke munene mwenye sauti ya kuita bwato kutoka mbali, alikuwa amekwisha kupoteza mbuzi kwa namna ile ile. Njo ye alinifungua macho.

"Mayo," akaniambia, ni mama kwa Babemba, "alama ya inje ni ya mwenye wembe. Weka alama ya ndani."

"Ya ndani wapi?"

"Sijui. Ningejua, ningekuwa na mbuzi."

Siku ile bwana yangu alikuwa amefungua gurudumu ya nyuma ya baiskeli yake. Alikuwa ameosha gololi zote na petroli, akaziacha mu sahani, zinangaa sawa macho ya samaki mupya, kisha akaitwa ku mayi kusaidia kuvuta nyavu. Nikaangalia sahani. Nikaangalia mbuzi. Nikaita jirani.

Alimushika mbuzi kichwa katikati ya magoti yake. Wembe tuliuchemsha, tukauosha na lutuku, ile pombe kali ya mihogo, na lutuku iliyobaki jirani akaikunywa, akasema ni ya kumupa nguvu ya kushika. Nikakata kidogo nyuma ya sikio ya kushoto, nikasukuma gololi. Haikutaka. Nikasukuma tena. Mbuzi akanitukana mu luga yake.

"Paka mafuta, mayo!" jirani akasema. "Gololi bila mafuta inakwenda wapi?"

Ilikuwa kweli. Sisi ni batu ya mabwato na ya baiskeli. Kwetu kila chuma inapakwa mafuta, na mwenye kuacha chuma kavu tunamuita muchafu. Nikachovya gololi mu grisi ya bwana yangu, na mara moja ikaingia, laini kabisa. Tukashona na uzi ya nyavu, fundo ile ile ya nyavu. Ile grisi, musomaji, usiisahau.

Jioni bwana yangu akafunga gurudumu bila kuhesabu. Asubuhi akapanda, na baiskeli ikaanza kulia ta-ta-ta, ta-ta-ta, kutoka kwetu mpaka ku soko. Akaifungua, akaipaka grisi, akaifunga. Ta-ta-ta. Akatukana mwenye duka ya Nchelenge aliyemuuzia gurudumu, na mama ya mwenye duka, na njia yenyewe. Kashikishi nzima ilizoea. Bamama ku bichanja bya samaki balikuwa banasema, "Weka mayi ku moto, Ta-ta-ta anarudi." Mi nilikuwa ninakoroga bukari, ule ugali yetu, macho ndani ya sufuria.

Mwisho ya mvua, mbuzi akapotea.

Nilimutafuta kila fasi. Shemeki akakuja mwenyewe kunipa pole, kofia ku mukono sawa mutu ya kilio.

"Pole, mulamu. Labda ni mamba."

"Mamba alimukula na kengele ya shingo?"

"Mamba ya hapa iko na njaa sana, mulamu."

Alinisaidia hata kutafuta. Alisema yeye atatafuta njia ya kwenda Kabuta, mi nitafute njia ya Chienge. Mi mujinga nikaenda njia ya Chienge.

Mwezi nzima ikapita, na mungine. Siku moja nikaenda Kabuta kutafuta samaki, na muuzaji mumoja akataka kunipa samaki yenye kuoza chini na muzuri juu. Nikamupigia kelele. Batu bananisema niko na sauti mubaya, lakini siku ile ilinisaidia. Nikiwa katikati ya kutukana, nikasikia kintu kinasukuma nyuma ya magoti yangu. Nikageuka. Soksi moja nyeupe. Alinijua ku sauti. Kengele hakuna, na ku sikio ya kuume, alama mbili. Ya pili ilikuwa imekwisha kupona.

Nyuma yake akakuja mbio mwanaume mwenye ndevu, mumoja ya bale babeba samaki ya shemeki.

"Acha mbuzi ya patron! Alimununua Chienge!"

Nikakamata pembe. Ye akakamata mukia. Mi sikuachilia, ye aliogopa patron kuliko mi. Tukatembea hivi mpaka Kashikishi, njia yote, mi mbele na pembe, ye nyuma na mukia, na mbuzi katikati anashangaa. Fasi ya kupumzika tulipumzika bote watatu. Nilikuwa na karanga, nikamugawia ule mwanaume, akazikula na mukono moja, ule mungine ungali ku mukia, mpaka nikamuonea huruma.

Chairman ya seksheni, mukubwa ya mutaa yetu, alikata kesi yetu pale pale ku mwalo, fasi ya kuvuta mabwato, akakaa juu ya bwato ya kupindua. Ye njo mukosaji ya tatu. Mihogo yake ilikuwa inapelekwa ku kinu na baiskeli ya nani? Ya shemeki. Alikuja na neno yake imekwisha kupikwa.

"Mbuzi iko na alama ngapi?"

"Mbili, ba chairman," shemeki akajibu.

"Na alama mbili ni ya nyumba gani?"

"Ya kwangu, mukwai," akasema na ile neno ya heshima. "Nilimununua Chienge, mvua imekwisha."

"Basi, imekwisha. Samaki yangu inaungua ku moto."

"Ba chairman, mukwai, haiyakwisha," nikasema. "Iko na alama ingine. Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ngozi. Nyuma ya sikio ya kushoto niliweka gololi ya baiskeli."

Kisha kicheko ikaanza ku bavuvi, ikapita ku bamama, ikarudi.

"Awe, mwebantu!" muvuvi mumoja akalia, ni kusema hapana, ninyi batu. "Kesho ataweka pedali!"

"Mumupigie pampu, mutaona atakimbia!"

Chairman akajifuta machozi, akamushika mbuzi, akapapasa nyuma ya sikio. Akapapasa tena. Akaniangalia karibu na huruma.

"Mayo, hapa kuko kovu kidogo. Gololi hakuna."

Nikapapasa mwenyewe. Hakuna. Nikapapasa sikio ingine, juu nilifikiri labda nimesahau upande. Hakuna.

"Pole, mulamu," shemeki akasema polepole, ili bote basikie. "Mbuzi yako amepata pancha."

Batu walianguka ku muchanga. Kuko muzee mumoja alicheka mpaka meno yake mbili ya mwisho ikaonekana. Nilimuangalia bwana yangu: alikuwa anaangalia ziwa, sawa bwato ya muhimu inakuja. Nilimuangalia mbuzi, vile mama alinifundisha. Nikaona wazi kwamba akienda huyu, sitabakia na kintu hata kimoja mu ile nchi. Hata jina sikuwa nalo, balikuwa bananiita tu muke ya fulani.

Njo jirani yangu wa vitumbua akapaza ile sauti ya kuita mabwato.

"Grisi! Mwebantu, tulipaka grisi! Imeteleza!"

"Imeteleza kwenda wapi?" chairman akauliza.

"Chini! Umeshaona gololi inapanda?"

Mu ile batu alikuwa fundi ya radio, Mukongomani mwenzangu mwembamba mwenye meza yake ku soko. Alikuwa amekuja kucheka sawa bengine, na mu mukono alikuwa angali na sumaku iliyotoka mu radio ya kufa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuokota nayo vis, zile skrubu zake, zikianguka mu muchanga. Akasogea mbele.

"Bon. Ba chairman, kama ni chuma, hii sumaku itaiona. Kama ni maneno ya bamama, sumaku haina masikio."

Akaanza. Nyuma ya sikio, hakuna. Akashuka na shingo, pole pole, hakuna. Mbuzi akamuangalia sawa mugonjwa anaangalia munganga. Bega, hakuna. Shemeki akaanza kupiga mluzi. Fundi akashuka tena, chini ya shingo, pale ku kifua fasi ngozi inalegea.

Tak.

Fundi akaachilia mukono. Sumaku haikuanguka. Ilibakia pale, inaninginia ku kifua ya mbuzi sawa medali ya askari.

Hata muzee ya meno mbili alifunga mudomo.

"Mbuzi anakula kila kintu!" shemeki akasema. "Alikula musumari!"

"Vraiment, kweli?" fundi akajibu. "Na musumari ikatoka mu tumbo, ikakuja kulala mu ngozi?"

"Hata kama ni gololi! Gololi iko na jina? Mi niko na baiskeli tatu. Labda ni mi niliweka!"

Na hapo alikuwa amesema kweli, ile moja tu ya siku ile. Gololi haina jina. Chairman akaanza kutikisa kichwa, anataka kurudi ku samaki yake. Sikuwa tena na kintu ya kuficha.

"Ba chairman, muulize hii batu. Baiskeli ya bwana yangu inalia namna gani?"

"Ta-ta-ta!" batu bote bakajibu, hata batoto.

"Ilianza lini?"

"Mbele ya mvua kuanza!" bamama ya bichanja bakasema.

"Ilianza siku gololi yake moja iliingia mu hii mbuzi. Fungueni gurudumu. Mukikosa kuona pengo, mbuzi nimeacha."

Njo bwana yangu akageuka kutoka ku ziwa.

"Kumbe ni weye!"

Ile njo neno yake ya kwanza siku ile. Akasimama, mishipa ya shingo yote inje. "Nimefungua ile gurudumu mpaka vidole imechubuka! Nimetukana mama ya mutu ya duka! Batoto bananiita Ta-ta-ta, na weye unakoroga bukari!"

"Unanitukana ao unanishuhudia?" nikamuuliza.

Nilimuona anafikiri, na ilikuwa kazi nzito. Kisha akageuka kwa mukubwa yake, na sauti ikashuka.

"Yaya, kaka yangu, ile baiskeli ilianza kulia mbele ya mvua kuanza. Weye ulikwenda Chienge kununua mbuzi mvua imekwisha. Ni weye ulituambia."

Shemeki akamuangalia sawa mutu ameona kiti inasema.

Baiskeli ikaletwa. Bakaifungua pale pale juu ya gunia, na pengo ilikuwa pale, wazi sawa ile ya meno ya shemeki, na muvuvi mumoja akasema hivyo kwa sauti. Fundi akakata ngozi ya mbuzi kidogo, gololi ikatoka yenyewe, ingali laini. Bwana yangu akaipanguza ku shati, akaiweka mu pengo, akafunga, akapindua baiskeli, akazungusha gurudumu.

Batu bote bakainama kusikiliza. Gurudumu ilizunguka, ilizunguka, na haikulia kintu. Basi hapo mwalo nzima ikapiga kelele, na jirani yangu akamukumbatia chairman bila kuomba ruhusa. Chairman alisema mbuzi ni ya mwanamuke. Hakuna namna ingine angesema.

"Lakini sasa haiko tena na alama," shemeki akasema akiondoka, kidogo kidogo.

"Nitaweka ingine, shemeki. Na ku batoto yake yote. Fasi utafikiri, haitakuwa pale."

Wiki nzima bwana yangu hakunisemesha juu ya gololi. Siku ya kwanza alinisemesha, ilikuwa kuniambia kwamba sasa batoto hawakimbii tena kumupokea, juu hawamusikii akija.

Niliishi naye vizuri. Miaka mingi baada ya pale, bwato yetu ilipinduka tukitoka Kilwa, mi nikapona ku boya ya nyavu, ye hakupona. Sitaandika mingi juu ya ile. Machozi haikukauka, bandugu yake bakafika kubeba bintu, sawa desturi yao, na shemeki mbele. Walibeba nyavu, kitanda, sanduku, sufuria, hata mulango. Nawaandika bote: dada yake mwenye kubeba sufuria ikiwa na mboga ndani, na bale binamu wawili wenye kugombania blanketi. Baiskeli ya bwana yangu shemeki aliichukua mwenyewe.

Kisha akafika ku mbuzi. Zilikuwa kundi nzima siku ile, bajukuu ya soksi moja, nyingi na muguu nyeupe. Alikamata moja, akapapasa nyuma ya sikio. Akapapasa kifua. Akasimama, akaangalia njia ya kwenda ku soko, ku meza ya fundi ya radio na sumaku yake.

"Mulamu, hizi ziko na gololi?"

"Tafuta, shemeki."

Alitafuta na macho muda murefu. Alikuwa ananikasirikia sawa mutu amekatazwa chakula mbele ya sahani. Hakuchukua hata moja. Na zile mbuzi, njo zililea batoto yangu, njo zilimusomesha ule binti mwenye kuona haya nikicheka.

Mu zile mbuzi hakukuwa na gololi. Mu ngozi ya hata moja, hakuna, kamwe. Sikuwa na wembe ya kutosha, wala lutuku, na jirani alikuwa amezeeka. Gololi ilikuwa moja tu. Shemeki njo aliondoka nayo siku ile, mu gurudumu ya baiskeli, anasukuma na mukono, na haikulia hata kidogo.